Shajara ya msitu wa Baba, Molo: kupima saiprasi baada ya dhoruba

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Nimefika nyumbani kwa matatu ya kwanza kutoka Nakuru. Juzi Alhamisi, mwendo wa saa kumi alasiri, upepo ulishuka pamoja na mvua ya mawe, ukavuma kama robo saa hivi, na ulipotulia saiprasi thelathini na saba za Baba zilikuwa chini. Mama alinipigia simu usiku. "Zimelala," akasema, nami nikadhani anazungumzia mahindi.

Shamba letu liko kati ya Molo na Elburgon, na ekari mbili zake ni miti. Baba aliipanda mvua ya Aprili 2009, mche mmoja kila mita mbili na nusu, akalima viazi katikati kwa misimu mitatu hadi kivuli kilipofunga. Tangu hapo hakuna aliyeingiza panga humo ila wa kuokota kuni. Mwaka wangu wa mwisho chuoni karo ilipokwama, mzee alikataa kuuza hata mti mmoja, akauza ng'ombe. Kila mti humo una hesabu yake kichwani mwake.

Nimezunguka msitu mara mbili kabla ya chai. Upande wa barabara hakuna hata mmoja ulioanguka. Katikati nimekuta sita. Thelathini na moja zilizobaki zimeanguka zote katika safu tano za kwanza zinazopakana na jirani. Jirani alivuna mikaratusi yake Februari. Ilikuwa mikubwa, imesimama pale tangu tukiwa watoto, na kwa miaka kumi na mitano saiprasi zetu zilikua nyuma yake bila kuonja upepo wa upande ule. Ni miti yake, alikuwa na haki ya kuivuna. Lakini siku ilipoondoka, safu zetu za ndani ziligeuka kuwa ukingo, na hakuna kitu chochote katika maisha yao kilichoziandaa kwa kazi hiyo.

Kesho naanza kupima. Nataka kujua kwa nini hizi na si zile.

Jumapili, 21 Aprili 2024

Mti uliolala una faida moja: urefu wake hauna ubishi. Baada ya kanisa nimempa mdogo wangu ncha ya tepu ya fundi, nami nikabaki na tepu ya Mama ya kushonea kwa ajili ya mzingo. Mzingo hupimwa mita 1.3 juu ya ardhi, usawa wa kifua, kisha unaugawa kwa 3.14 upate kipenyo. Halafu gawanya urefu kwa kipenyo, vyote vikiwa katika kipimo kimoja. Saiprasi ya mita 20 yenye kipenyo cha sentimita 20 ina uwiano wa 100. Ikiwa na kipenyo cha sentimita 25, uwiano ni 80. Namba ikiwa kubwa, mti ni mwembamba kwa urefu wake.

Wataalamu wa misitu wa Ulaya wametumia uwiano huu kwa miongo mingi, hasa kwa miti jamii ya misonobari. Chini ya 80 mti huhesabiwa kuwa thabiti, ukivuka 100 huhesabiwa kuwa hatarini. Miti yao si miti yetu, na udongo wao si wa Molo, kwa hiyo nazishika namba hizo kama mwongozo.

Kati ya zile thelathini na saba, ishirini na tatu zimekatika shina na kumi na nne zimeng'oka na mizizi. Nimeshangaa jinsi makundi haya mawili yalivyojitenga kwenye daftari. Katika zilizokatika, kumi na tisa zina uwiano unaozidi 100. Namba 12, kwa mfano: mzingo sentimita 52, kipenyo 16.6, urefu mita 18.7. Uwiano wake ni 113. Ilikatika mita nne kutoka ardhini.

Nilipiga magoti kuangalia pale ilipokatika. Upande uliotazama upepo nyuzi zimechanika ndefu, nyeupe, kama mkonge. Upande wa pili hazikuchanika kabisa. Zimebonyea, na mbao imefanya mikunjo midogo iliyokingama shina, kama ngozi ya kiwiko ukinyoosha mkono. Mbao huvumilia kuvutwa kuliko kukandamizwa, kwa hiyo shina linapopinda huanza kushindwa upande wa ndani wa mpindo, kimyakimya, kabla ya upande wa upepo kupasuka kwa kishindo tulichozoea kusikia.

Zilizong'oka ni habari nyingine. Nyingi ziko kati ya 80 na 95, mashina yao mazima. Kilichoshindwa ni ardhi. Mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku kwa wiki tatu, na sahani za mizizi zilizoinuka hewani zilikuwa zinachuruzika maji hadi leo. Nimepima unene wa sahani moja: sentimita 40. Chini yake kuna tabaka gumu, nadhani la miaka ya trekta kabla Baba hajanunua shamba hili, na mizizi ilipolifikia iligeuka ikatambaa.

Jumamosi, 27 Aprili 2024

Leo mvua haikuruhusu kutoka. Nimekaa jikoni na daftari.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikitoka kilomita 40 kwa saa ikafika 80, msukumo unakaribia mara nne. Mti hai hupunguza kidogo kwa sababu matawi hukunjwa nyuma na kilele kikawa chembamba, lakini bado ni mzigo mkubwa, na mzigo huo unashika juu, kwenye majani. Shina ndilo mtarimbo. Kadiri lilivyo refu, ndivyo shina la chini linavyobeba zaidi.

Upande wa pili wa mizani ni unene, na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikafikiri. Uwezo wa shina kuhimili kupindwa hukua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Sentimita 20 zikiwa 25, nguvu inakaribia kuwa maradufu. Sentimita tano tu, upana wa vidole vitatu.

Sasa kwa nini miti yetu haikupata vidole hivyo vitatu? Kwa sababu ilikuwa inakimbilia jua. Mti uliobanwa hulisha kwanza majani na ncha inayorefuka, na kunenepesha shina huja mwisho, kwa kinachobaki. Matawi ya chini hukosa mwanga yakafa. Kuna saiprasi moja katikati, nimeipa namba 41, yenye urefu wa zaidi ya mita 20, na kijani chake ni mita tano za juu pekee. Robo ya mti ndiyo inayofanya kazi ya kulisha mti mzima. Wataalamu hutaka angalau theluthi, na ikiwezekana nusu.

Kisha kuna kuyumba. Mti unaoyumba hunenepa, hasa chini ya shina na kwenye mizizi mikubwa. Ukiufunga usiyumbe, hurefuka na kubaki mwembamba. Jambo hili limejaribiwa kwa miche na miti michanga na limethibitishwa. Ndiyo maana ukingo wa barabara hauna hasara hata moja: miti ile imekuwa ikitikiswa tangu ikiwa na kimo cha mtoto. Miti ya ndani haiyumbi kwa uhuru. Vilele vinagongana, na kila mgongano unakula sehemu ya mwendo. Siku yenye upepo unasikia vipande vya matawi makavu vikianguka na vilele vikisuguana.

Kwa hiyo mti mwembamba ndani ya umati uko salama kwa kiasi, maadamu umati umesimama. Inafariji na inatisha. Januari 2005 dhoruba iliyoitwa Gudrun iliangusha Uswidi takriban mita za ujazo milioni 75 za miti, nyingi zikiwa za sprusi, mti wa jamii ya misonobari. Umati nao hulala.

Jumamosi, 11 Mei 2024

Nimepima miti iliyosimama. Kamba ya mita 5.64, ushikilie mwisho mmoja na uzunguke: duara hilo ni mita 100 za mraba, na idadi ya miti ndani yake ukiizidisha kwa 100 ni miti kwa hekta. Maduara sita, miti themanini. Hiyo ni kama 1,330 kwa hekta. Nafasi ya mita mbili na nusu huanza na 1,600, kwa hiyo kwa miaka kumi na mitano msitu umepungua kwa vifo tu.

Kwa urefu nilikunja karatasi ya mraba pembe kwa pembe, nikapata nyuzi 45. Unarudi nyuma hadi ncha ya mti ikae kwenye mstari wa mkunjo, kisha umbali wako hadi shinani ukiongeza kimo cha jicho lako ndio urefu. Mteremko unadanganya sana, kwa hiyo nilirudi nyuma kwa kufuata usawa wa kilima, si kupanda wala kushuka. Mara ya kwanza sikufanya hivyo na nikapata saiprasi za mita 26, ambazo hatuna.

Uwiano wa kati wa ile themanini ni 96. Ukingo wa barabara: kati ya 58 na 70.

Jumamosi, 18 Mei 2024

Mnunuzi wa mbao amekuja bila kuitwa. Habari za miti iliyoanguka husafiri haraka. Alinunua zile thelathini na saba, ambayo ilikuwa nafuu kwetu, ingawa fundi wake alipotazama mashina yenye ile mikunjo niliyoieleza alikataa kuyahesabu kama mbao, na alikuwa sahihi. Mbao yenye mkunjo huo hukatika ghafla ikibebeshwa mzigo, hata ukiipiga randa ikapendeza. Ameyachukua kama kuni.

Kisha akasema na Baba. "Mzee, hii minene yote naichukua, pesa mkononi. Hii myembamba tuiache inenepe."

Inasikika kama busara, na ndiyo namna misitu mingi midogo ya huku imekuwa ikiuzwa. Lakini ile myembamba si midogo wa umri. Ilipandwa wiki moja na ile minene. Ni iliyoshindwa mbio. Ukiondoa minene umeondoa nguzo, ukaacha fito za mita 20 zenye uwiano wa 110 zisimame peke yake na kilele cha mita tano. Nilimwambia Baba kwa sauti ya chini tuombe muda. Mnunuzi hakukasirika, akaacha namba yake.

Jumamosi, 1 Juni 2024

Siku ya Madaraka, familia yote iko nyumbani. Nimezungumza na Baba juu ya kupunguza miti.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Binti yangu," akasema, "mimi nilipanda mbao, sikupanda kuni." Ni kweli. Miti tutakayotoa itatupa nguzo za ua, fito na kuni, si mbao za maana. Kwake kila mti unaotoka ni mbao ya 2039 inayochomwa leo.

Sikubishana. Nilimwomba tuende shambani na tepu ya Mama. Kwanza tukaenda kwa namba 3, ukingo wa barabara. Mzingo 97, kipenyo karibu 31, urefu mita 19. Uwiano 61. Kisha namba 41. Mzingo 58, kipenyo 18.5, urefu mita 20 na nusu. Uwiano 111. Nikamwomba aikumbatie yote miwili, na akakubali, mzee wa miaka sabini na moja, amevua kofia. Kwenye 41 mikono yake ilipitana hadi viwikoni.

"Hii miwili uliipanda siku ngapi tofauti?"

"Siku moja. Mtaro mmoja."

Ukikata shina la namba 3 na la 41 usawa wa kifua, eneo la mbao la ile ya kwanza ni karibu mara tatu. Umri uleule, mvua ileile.

Alikaa kimya muda mrefu akiangalia juu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kosa ni langu?"

Swali hilo liliniuma. Nilimwambia hapana, hakuna aliyewahi kuja kumwambia kwamba mwaka wa saba au wa nane mti unahitaji nafasi. Nikamkumbusha kwamba hata misitu ya umma ilichelewa: marufuku ya ukataji iliyowekwa Februari 2018 ilidumu hadi ilipotangazwa hapahapa Molo, Julai 2023, kwamba inaondolewa. Kulikuwa na sababu za kuiweka, na sizipuuzi, lakini miaka mitano ni mingi kwa shamba la miti linalosubiri kupunguzwa. Miti haikusimama kurefuka.

"Basi tuondoe nusu tumalize," akasema. Nilijua hapo atafika.

Na hiyo ndiyo njia ya kupoteza yote. Ungepunguza nusu ya msitu huu mwaka wa nane, ungekuwa umefanya jambo jema. Mwaka wa kumi na tano, mashina yakiwa na 96 kwa wastani, ukiondoa nusu kwa mkupuo unafungua mianya, upepo unaingia mpaka ndani, na waliobaki hawana tena wa kuwaegemea wala unene wa kusimama wenyewe. Miaka miwili hadi mitano baada ya kupunguza ndiyo hatari zaidi, kwa sababu unene huja polepole na mizizi vilevile. Msitu uliocheleweshwa hupunguzwa kidogo kidogo, mara nyingi.

Tumeafikiana hivi. Mti mmoja katika mitano. Tuchague iliyopinda, iliyokauka upande mmoja kwa vidukari wa saiprasi (wadudu hawa wafyonza utomvu waliingia Kenya 1990 na wazee wa Elburgon bado wanawakumbuka kwa hasira), na ile yenye kilele chembamba inayobana mti mzuri. Minene tusiiguse. Safu tano za upande wa jirani tusizipunguze kabisa, isipokuwa iliyovunjika na kuning'inia, kwa sababu kilichobaki pale ndicho ngao tuliyo nayo. Ukingo wa barabara pia tuuache. Na tukate mwezi huu, ili mashina yapate miezi minane au tisa kabla ya pepo za Machi.

Jumamosi, 22 Juni 2024

Fundi wa pawasoo na vijana wawili, siku tatu. Miti 168. Baba alikuja siku ya kwanza akaondoka saa nne, akarudi siku ya tatu.

Ugumu haukuwa kukata, ulikuwa kuangusha. Mti mwembamba uliokatwa ndani ya umati hauanguki, unaegemea. Vijana walitumia kamba, na mara mbili tulichubua gome la mti tuliotaka kuulinda. Nimeyapaka rangi majeraha ili nijue yatakavyopona.

Nimechagua miti ishirini ya kufuatilia, nikaipiga mstari mweupe usawa wa mita 1.3 ili tepu irudi palepale kila mara. Kumi iko ndani, mitano ukingo wa barabara, mitano upande wa jirani.

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Nimekuta Mama amepanda miche ya parachichi nyuma ya jiko na amefunga kila mmoja kwenye kijiti, fundo mbili, moja chini na moja karibu na ncha, imekaza kama mkanda. Anaogopa upepo, na baada ya Aprili simlaumu. Nimelegeza zote. Tumeacha fundo moja la chini, theluthi ya kimo, kamba ikiwa na nafasi ya ngumi, na baada ya msimu mmoja vijiti vinatoka. Mche unatakiwa ucheze. "Kama mtoto asiyebebwa kila wakati," Mama akasema.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Jua kali, vumbi. Nimepima ile ishirini. Mabadiliko ni ya milimita, siandiki chochote cha kujisifia. Majeraha mawili ya gome yameanza kufunga pembezoni.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Upepo umekuja jana jioni, si mkali kama ule wa mwaka jana lakini wa kutosha kung'oa mabati mawili ya zizi. Nilikuwa njiani kutoka Nakuru na nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Saiprasi mbili zimeanguka. Moja ni ya safu ya pili upande wa jirani, uwiano 104, imekatika. Hiyo niliitarajia. Ya pili ni namba 7, iliyosimama katikati, mojawapo ya minene kuliko yote ndani ya msitu: kipenyo sentimita 29, uwiano 67. Kwa hesabu zangu ndiyo iliyopaswa kuwa ya mwisho kuanguka.

Tumeuosha mzizi kwa ndoo tatu za maji ili tuone. Chini kabisa ya shina, mzizi mkuu umejizungusha mara mbili na nusu, umejikaza kama kamba ya kufungia mbuzi, na mizizi ya pembeni inaanzia ndani ya msokoto huo. Upande mmoja hakukuwa na mzizi mnene hata mmoja. Umbo la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, bado linaonekana, miaka kumi na sita baadaye, upana wa kikombe.

Baba alichuchumaa akaupapasa kwa kidole. Akakumbuka kwamba mwaka ule mvua ilichelewa, na miche ilikaa kitaluni hadi ikawa mirefu kuliko goti, na mizizi imetoboa chini ya viriba. Ilikuwa bei nafuu kwa sababu imezidi umri. Waliipanda kama ilivyo.

Kwa hiyo naandika hapa kwa herufi kubwa katika daftari langu: uwiano unapima shina, haupimi mzizi. Mti mnene juu ya mzizi uliojisokota una tanga kubwa na nanga mbovu. Hatuwezi kujua ni mingapi mingine iko hivyo bila kuifukua, lakini kuna dalili tumeanza kutafuta: udongo uliopasuka kwa umbo la mwezi mchanga upande wa upepo, na shina linalochezacheza pale linapoingia ardhini wakati kilele kinayumba. Tumekuta mmoja wa namna hiyo. Nimeufunga utepe mwekundu.

Jumamosi, 19 Aprili 2025

Wikendi ya Pasaka. Tumepanda miche 120 mahali palipoachwa wazi mwaka jana kando ya mto mdogo, mbali na msitu. Nafasi mita tatu kwa tatu. Kabla ya kupanda, kila kiriba kilichanwa chote kikatolewa, na mzizi wowote uliokunja kona chini ulikatwa kwa wembe. Miche sita iliyojisokota tuliirudisha kitaluni, na mwenye kitalu aliipokea bila maneno. Baba alishika wembe mwenyewe. Aliikagua miche kama anayenunua ndama, akigeuza kila mmoja mwanga wa jua.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Miezi kumi na minne tangu kupunguza. Kumi ya ndani kwanza, kwa sababu ndiyo inayonihusu zaidi. Namba 14 ilikuwa na mzingo 62 na urefu mita 20.2, uwiano 102. Leo mzingo 65.5, urefu nimeupata mita 20.8. Kipenyo kimetoka 19.7 hadi 20.9. Uwiano umeshuka hadi karibu 100. Miti yenye vilele vipana zaidi imeongeza mzingo sentimita nne, yenye vilele vyembamba moja na nusu. Mti hauwezi kunenepa kwa majani usiyo nayo, na matawi ya chini yaliyokufa hayarudi. Niliijua kwa kusoma, lakini kuiona kwenye tepu ya Mama ni kitu kingine.

Ukingo wa barabara hauna habari, unaendelea kama kawaida yake.

Upande wa jirani ndio ulionishangaza. Mitano yote imeongeza mzingo kuliko wastani wa ndani, na unene umeongezeka zaidi chini, karibu na mizizi, ambako mashina yameanza kutanuka kama mguu wa mtungi. Imetikiswa misimu miwili bila kinga na inajibu. Namba 52, iliyokuwa 101, iko 97. Jirani naye amepanda upya, na mikaratusi yake imenifika kiunoni. Inakua haraka, lakini kinga ya maana ni miaka kadhaa mbele, kwa hiyo zile safu tano zitabaki bila kuguswa mwakani pia.

Alasiri tumeweka alama za awamu ya pili. Mti mmoja katika sita safari hii. Baba alichukua kopo la rangi kutoka mkononi mwangu pale kwenye duara la tatu, akaniambia mimi niandike tu. Alikuwa anarudi nyuma hatua kumi, anaangalia kilele, anakaribia, anashika shina kwa mikono miwili. Alipofika kwa 41 aliangalia juu muda mrefu, kisha akaupita. Nikamkumbusha uwiano wake.

"Naujua," akasema. "Lakini angalia umeshikilia nani." Nyuma yake, upande unakotoka upepo wa Machi, palisimama 42 na 43, zote mbili zina kilele kizuri na zote mbili zimeinamia kwake kidogo. Nimeandika kwenye daftari: 41, mwaka ujao. Tumeweka alama kwenye ule wa utepe mwekundu, na mingine kama 110. Fundi anakuja Jumatatu.